Bao ni darasa la kompyuta tulilonalo tayari

Nilijifunza bao nikiwa na miaka tisa, kwenye baraza la nyumba ya babu yangu mjini Tanga, na sikumbuki hata siku moja mtu kunikalisha akanieleza kanuni zake. Hakuna anayefundishwa bao hivyo. Unakaa pembeni, unatazama mikono ya wakubwa, unasikia kete zikigonga mbao, unatumwa kahawa, unarudi unakuta mchezo umegeuka. Siku moja mmoja wao anainuka kwenda kuswali Alasiri, mwenzake anakuambia, "Kaa hapo, mwanangu." Ukikosea, mkono wako unazuiwa, kete zinarudishwa zilipokuwa, mchezo unaendelea. Ukipita mwaka, unajua.

Zaidi ya miaka thelathini baadaye, nikiwa nakula kwa kazi ya kompyuta, niliamua kumwandikia binti yangu programu ya bao ili tucheze kwa simu ninapokuwa safarini. Niliipangia wiki mbili. Mstari wa kwanza nikaandika kuwa mashimo ni 32. Wa pili, kete ni 64. Nilipofika mahali pa kueleza kete zilizoliwa zinaanzia shimo gani na zinaelekea upande gani, vidole vilisimama. Mkono wangu ulikuwa unajua, mdomo haukujua.

Pengo hilo, kati ya mkono unaojua na mdomo usioweza kusema, ndilo linalonifanya niandike leo. Nimeamini kwamba sehemu kubwa ya uhandisi wa kompyuta ni kuliziba. Na nimeamini kwamba sisi watu wa Afrika Mashariki tuna chombo cha mbao kinachoweza kuwafundisha watoto wetu kazi hiyo kwa lugha yao, nacho tumekiachia wazee wapunge nacho upepo jioni.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kucheza, nieleze kidogo. Bao la Kiswahili lina safu nne, kila moja ya mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na vita viko kwenye safu za mbele zinazotazamana. Kete mara nyingi ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, na kila mchezaji ana 32. Katika safu ya mbele, shimo la tano kutoka kushoto kwa mchezaji huchongwa la mraba: hiyo ndiyo nyumba. Mchezo ukianza, kila mmoja anaweka kete sita katika nyumba yake, mbili katika shimo linalofuata kulia, na mbili katika la pili yake. Ishirini na mbili zinabaki mkononi. Kipindi cha kwanza ni cha kunamua: kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi. Kete za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, mnacheza kwa zilizomo baoni tu. Ukimwacha mwenzako bila kete hata moja safu ya mbele, au bila hatua anayoweza kucheza, umeshinda.

Sasa uangalie mpangilio huo wa mwanzo kwa jicho la fundi. Wachezaji wameketi wakielekeana, kwa hiyo kulia kwangu ni kushoto kwako. Ukiziweka kete kumi zangu na kumi zako mahali pake, utaona hakuna shimo langu lenye kete linalotazamana na lako lenye kete. Anayeanza hana pa kula. Lazima atakate, yaani asambaze kete bila kula, na kwa kutakata huko ndiko anakofungua njia za vita kwa pande zote mbili. Hapo pana usanifu. Mchezo umepangwa ili hatua ya kwanza isiwe pigo, iwe ni kuandaa uwanja. Nimepita kwenye vitabu vingi vya uhandisi, na ni mifumo michache niliyoiona ikianza kwa utulivu wa namna hiyo.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililoniokoa katika kuandika programu. Katika michezo mingi ya jamaa ya bao, kama oware ya Afrika Magharibi, kete ulizokula unazitoa mchezoni na kuziweka pembeni kuwa ushindi wako. Katika bao letu kete iliyoliwa haitoki. Inahamia kwa aliyekula, inaingizwa kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu yake ya mbele, na inaanza kazi upya upande wa pili. Ukijumlisha za baoni na za mikononi, mwanzo ni 64, katikati ni 64, mwisho ni 64.

Nilipolitambua hilo nikaongeza amri moja fupi: baada ya kila hatua, hesabu kete zote, zisipokuwa 64, simama na useme. Siku ya kwanza tu programu ilisimama mara nyingi. Mara moja kete zilikuwa 71. Nilikuwa nimeiambia mashine iokote kete za shimo fulani na kuzisambaza, lakini sikuiambia kwamba shimo lenyewe sasa ni tupu. Mtoto wa miaka tisa hahitaji kuambiwa hivyo, kwa sababu mkono ukichukua, shimo linabaki wazi mbele ya macho yake. Mashine haina mkono wala macho. Ina namba tu, na namba hainyanyuki mahali pake mpaka uiamuru.

Wakala wa pesa za simu anaifahamu kanuni hiyo ya 64 kuliko wahandisi wengi waliosoma. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, vibanda vyake vimekuwa shule za hesabu barabarani. Chukua wakala aliyefungua asubuhi na shilingi milioni moja: laki sita taslimu kwenye droo, laki nne za floti kwenye simu. Mteja akiweka fedha, taslimu inapanda na floti inashuka. Mteja akitoa, floti inapanda na taslimu inashuka. Kamisheni ukiiweka kando, jumla ni milioni moja mchana kutwa. Jioni akikuta laki tisa na themanini, hana haja ya mkaguzi kumwambia kuna jambo. Fedha hiyo anayoizungusha huiita mtaji, neno lile lile la kipindi cha pili cha bao. Pande zote mbili maana inakaa vizuri: ni kile ulicho nacho, unachokizungusha, na usipokichunga kinahamia kwa mwenzako.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mfumo wa bohari ulionyesha magunia mengi kuliko yaliyokuwepo. Tulitafuta sababu kwa wiki tatu, na katika wiki hizo watu wawili waadilifu walitazamwa kwa jicho la wizi. Mwishowe ilibainika kwamba mzigo ukihamishwa kutoka bohari moja kwenda nyingine, mfumo uliuandika kule unakokwenda kabla ya kuufuta huku unakotoka. Mtandao ukikatika katikati, magunia yale yale yalibaki pande zote mbili. Hakuna aliyekuwa ameandika amri ya kujumlisha na kusimama. Mpaka leo nikikumbuka nyuso za wale wenzangu wawili, naona kwamba kanuni ya 64 ni ya heshima ya watu kabla ya kuwa ya hesabu. Mfumo usiojihesabu wenyewe huishia kuwahesabia watu makosa.

Nirudi kwenye pengo. Baada ya mwezi mmoja programu yangu ilijua kunamua, kula, kutakata, na hata kumuuliza mchezaji kama anataka kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuokota kete za nyumba na kuendelea, pale kete ya mwisho inapoangukia nyumba yake. Kilichonishinda ni kutakasia. Wanaocheza wanajua nasema nini. Nikafunga safari kwenda Tanga, nikakaa kwenye baraza lile lile, na daftari mkononi.

"Mzee wangu," nikauliza, "nikitakata, na wewe huna pa kula, na una shimo moja tu ninaloweza kulila zamu yangu ijayo, unaruhusiwa kulikimbiza?"

"Siruhusiwi, mwanangu. Umenitakasia. Nitacheza shimo jingine."

"Na kama shimo hilo ni nyumba yako?"

"Nyumba haitakasiwi."

"Na kama ndilo shimo pekee lenye kete safu yako ya mbele?"

Hapo mzee alinyamaza. Aliyekuwa akicheza naye akasema, "Basi atacheza nini?" Akajibiwa na wa tatu, aliyekuwa amesimama. Badala ya kubishana kwa maneno wakakusanya kete, wakaupanga mfano wenyewe baoni, wakaucheza, wakaurudisha, wakaucheza tena. Tulitumia saa nzima na birika mbili za kahawa. Nilipoondoka nilikuwa na kanuni moja na vighairi vitatu: nyumba haitakasiwi, haliwezi kutakasiwa shimo lililo pekee lenye kete mbele, wala lile lililo pekee mbele lenye zaidi ya kete moja. Mzee akaniambia jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Hili tunalicheza kila siku, lakini leo ndiyo nimelisema."

Ndicho kinachofanywa na kompyuta, na ndiyo sababu ninaipenda. Mtu ukimwambia "unajua tu," anaweza kukuelewa, kwa sababu amekaa baraza moja nawe. Mashine haijakaa baraza lolote. Inakulazimisha uyatoe yale unayoyajua, uyaweke mezani moja moja, uone lipi linategemea lipi, lipi ni kanuni na lipi ni mazoea ya mtaa wenu. Ukimaliza, hujaifundisha mashine peke yake. Umejifundisha mwenyewe, na umeandika kitu ambacho mtu asiyekujua anaweza kukitumia nawe ukiwa umeshazikwa.

Wapo waliolitambua hilo kabla yetu. Mwaka 1995 Mholanzi Alexander de Voogt alitoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden kuhusu ubingwa wa bao, baada ya kukaa na mabingwa wa Zanzibar na kuchunguza kumbukumbu yao na namna wanavyopiga hesabu. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht waliandika kuhusu kuitengenezea kompyuta programu ya bao. Maandishi ya watu hawa yalinisaidia sana, nami nawashukuru kwa moyo wote, kwa sababu waliwauliza wazee wetu maswali ambayo sisi wenyewe hatukuwauliza. Lakini niliyasoma kwa Kiingereza, kuhusu mchezo wa Kiswahili, huku maneno ya msingi yakiwa yameachwa kama yalivyo: namua, takata, takasia, mtaji, nyumba. Wao walipokosa maneno ya kwao walichukua yetu. Basi sisi wenye maneno tunasubiri nini?

Kuna usiku mmoja katika kazi hii sitausahau. Niliiachia programu icheze yenyewe kwa yenyewe, michezo maelfu, nikaenda kulala. Asubuhi nikaikuta imesimama kwenye mchezo mmoja, feni ya kompyuta inalia, wala hakuna hitilafu iliyoandikwa. Nilidhani imeganda. Kumbe ilikuwa inacheza. Katika bao, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, hatua haijaisha: unakula ikiwezekana, au unaokota za shimo hilo na kuendelea. Kwa kawaida baada ya mizunguko kadhaa kete ya mwisho inaangukia shimo tupu, unalala, zamu inahama. Lakini ipo mipangilio ambayo hatua haiishi kamwe. Mkono unazunguka, unaokota, unasambaza, unaokota, mpaka kiama. Programu yangu ilikuwa imeangukia mmoja wapo, na kwa kuwa haichoki wala haiitwi kula, ilizunguka usiku kucha.

Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alithibitisha jambo linalowagusa wote wanaoshika simu ikaganda mikononi mwao. Alionyesha kwamba haiwezekani kuwepo njia moja ya jumla itakayoweza kuchunguza programu yoyote ile na kutoa jibu la uhakika kama itafika mwisho au itazunguka milele. Ndiyo maana simu yako ikionyesha kile kiduara kinachozunguka, nayo yenyewe haina njia ya jumla ya kujua kama kazi inakaribia kwisha au haitaisha. Ni mpaka wa hisabati, na hauvukwi kwa kununua mashine ya bei kubwa.

Hata hivyo bao ni dogo kuliko "programu yoyote ile." Kete 64 katika mashimo 32 zina mipangilio mingi mno, lakini ina idadi. Mkono unaosambaza kwa kanuni zisizobadilika ukirudi kwenye mpangilio ule ule, shimo lile lile, upande ule ule, utafuata njia ile ile uliyofuata mwanzo, na hautatoka. Kwa hiyo swali la kutokuwa na mwisho linageuka kuwa swali jepesi: je, tumewahi kupita hapa?

Kulijibu swali hilo wanahisabati wana mbinu ambayo msomaji wa Kiswahili ataitambua haraka, maana huko kwao pia wanaiita kwa majina ya kobe na sungura. Unaendesha mchezo huo huo mara mbili kwa pamoja. Mmoja anakwenda kama kobe, hatua moja moja. Wa pili anakwenda kama sungura, hatua mbili mbili. Njia ikiwa na mwisho, sungura anaufikia na mambo yamekwisha. Njia ikiwa ni duara, sungura atazunguka mpaka amkute kobe kwa nyuma, na pale watakapokutana umejua. Huhitaji kukumbuka kila mahali mlipopita. Tangu utotoni tumesimuliwa kobe na sungura wakishindana mbio, kobe akishinda kwa werevu. Mistari minane ya programu, na mtoto aliyesikia hadithi hiyo kwa bibi yake anaielewa kabla hujamaliza kueleza. Binti yangu aliielewa nikiwa katikati ya sentensi.

Najua litakaloulizwa: kuna faida gani kuhangaika na bao wakati mashine zimeshawashinda watu katika kila mchezo? Ni swali la haki. Mei 1997 Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyoweza kupima hali milioni 200 za sataranji kwa sekunde, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Machi 2016, mjini Seoul, AlphaGo ilimshinda Lee Sedol michezo minne kwa mmoja katika mchezo wa Go. Drafti yenye miraba 64, ile ya Waingereza na Wamarekani ambamo kingi haendi zaidi ya mraba mmoja kwa hatua, ilifumbuliwa kabisa mwaka 2007 na Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, baada ya kazi iliyoanza mwaka 1989: wachezaji wote wawili wasipokosea, ni sare. Hata ndugu wa bao hakusalimika. Awari, yenye mashimo 12 na kete 48, ilifumbuliwa na John Romein na Henri Bal wa Amsterdam mwaka 2002. Walipitia mipangilio yote, zaidi ya bilioni 889, na jibu likawa sare pia.

Na bao la Kiswahili? Fanya hesabu ya namna kete 64 zinavyoweza kukaa katika mashimo 32, utapata takriban 1 ikifuatwa na sifuri 25. Kompyuta ya kupima mipangilio milioni 200 kwa sekunde ingehitaji takriban miaka bilioni moja na nusu kuipitia yote. Sisemi kwamba hakuna mashine itakayotushinda. Mashine haihitaji kuona yote ili imshinde mtu. Deep Blue haikuiona sataranji yote. Ninachosema ni kwamba kule kwenye mabaraza ya Mji Mkongwe na Tanga, wazee waliovaa kofia za mkono wamekuwa wakifanya hesabu ndani ya bahari ya ukubwa huo, kwa kichwa, bila kuruhusiwa kuzigusa kete kwa majaribio, na tumewaita watu wanaopoteza muda. Mwalimu Nyerere alilipenda bao na alipigwa picha nyingi akilicheza. Watu wengi wakiziona picha hizo wanaona mzee akipumzika. Mimi naona mtu akifanya kazi nzito kwa furaha.

Watu hawakuacha sataranji mwaka 1997, kama vile hawakuacha kukimbia baada ya kuja pikipiki. Mchezo ni wa kumkuza anayecheza. Kwa hiyo swali la maana kwangu ni hili: nani anakua kwa kucheza bao leo, na anakua kwa kiasi gani?

Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Shule zetu nyingi zina somo la kompyuta bila kompyuta. Wanafunzi wanakariri sehemu za mashine wasiyowahi kuigusa, wanajibu mtihani, wanasahau. Nami nasema kompyuta si sharti la kuanza. Mwaka 1952 Turing huyo huyo alikuwa na programu ya sataranji aliyoiandika, na hakukuwa na mashine iliyoweza kuiendesha. Akakaa na mwenzake Alick Glennie, akaiendesha programu yeye mwenyewe kwa karatasi na kalamu, akifuata amri zake moja baada ya nyingine, hatua moja ikichukua kama nusu saa. Akashindwa mchezo huo. Lakini programu ilikuwa programu kweli, na iliendeshwa kweli, bila umeme hata kidogo.

Mwalimu wa Korogwe au wa Kilifi anaweza kufanya hivyo kesho asubuhi. Watoto wachimbe mashimo 32 mchangani, safu nne za manane. Sehemu nyingi wanafanya hivyo tayari wakichunga mbuzi. Waokote kokoto 64. Kisha darasa ligawanywe wawili wawili. Mmoja aandike amri, mwingine awe mashine: afanye lililoandikwa tu, hata kama anajua alichokusudia mwenzake. Siku ya kwanza, waandike namna ya kuokota kete za shimo moja na kuzisambaza. Watagundua wenyewe kwamba wamesahau kusema uelekee upande gani, na ukifika pembeni ufanye nini. Siku ya pili, waongeze kanuni ya 64, waone jinsi kosa linavyojitangaza. Siku ya tatu, waingize "ikiwa": ikiwa shimo lina kete, endelea, ikiwa ni tupu, lala. Wiki ya pili, kobe na sungura. Hayo ni orodha, mzunguko, sharti na uhakiki, nguzo zile zile ninazozitumia kila siku kazini na kulipwa mshahara.

Na wafanye kwa Kiswahili. Neno algorithimu, linalowatisha watoto, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad ya karne ya 9, na hisabati yenyewe ni neno tulilolipata kupitia Kiarabu. Lugha yetu imezoea kupokea elimu na kuifanya yake. Mtoto anayejua maana ya kutakata, kulala na kusafiri kwenye bao ana maneno ya kutosha kuanza kufikiri kama mhandisi. Kiingereza atakikuta mbele ya safari, akiwa tayari anajua anachokizungumzia.

Kwa wenzangu wa kazi hii nina ombi jingine. Kila mmoja wetu ana mzee anayejua kitu kwa mkono: fundi jahazi anayejua ubao utapinda wapi, mama anayejua nazi ngapi zinatosha sufuria ya watu mia, mvuvi anayelijua bamvua kabla ya kalenda. Nenda na daftari. Usiulize "inafanywaje," maana atakujibu "tazama." Uliza, "na ikiwa hivi je?" Kisha uliza tena, "na ikiwa vile?" Uliza mpaka anyamaze, halafu subiri, kwa sababu baada ya kimya kile ndipo anaposema jambo ambalo hajawahi kulisema. Mzee aliyenipa vighairi vitatu vya kutakasia alifariki mwaka jana. Vimo kwenye daftari langu, vimo kwenye programu, na binti yangu anavijua kwa maneno na kwa mkono.

Basi mwalimu unayesoma hapa, usisubiri kompyuta zifike shuleni kwako. Zikija, zikute watoto wako wanajua tayari kuziamuru. Chimbeni mashimo 32, hesabuni kokoto 64, na kila hatua ikiisha, hesabuni tena.